Mama wa Springfield aliyejibizana na Ikulu ya Marekani

Juni 2025 habari ya msiba ilizagaa katika magazeti na mitandao ya Marekani, na kutoka huko ikasambaa duniani: Marge Simpson amekufa. Marehemu ni mama wa katuni, mwenye ngozi ya njano, gauni la kijani, mkufu mwekundu na nywele za bluu zilizosimama wima kichwani. Hilo halikuwazuia watu wazima, wengine wenye watoto na wajukuu, kuhuzunika na kuwalaumu waandishi waliothubutu kumzika.

Sehemu iliyozua kilio ilirushwa Mei 18 mwaka huo, kufunga msimu wa 36 wa katuni ya The Simpsons. Hadithi inaruka miaka 35 mbele. Bart na dada yake Lisa, waliozoea kukaa bega kwa bega mbele ya televisheni, wamekua na kila mmoja ameshika njia yake. Mama yao keshazikwa. Kinachowarudisha pamoja ni ujumbe wa video aliowaachia. Mtayarishaji mkuu, Matt Selman, alilazimika kujitokeza kuwatuliza watazamaji. Alisema sehemu zote zinazotazama wakati ujao ni za kubuni, kila moja ina mambo yake, na hakuna linalombana Marge kesho.

Kilio kile kina la kutufundisha. Tangu mwaka 1989 historia ya The Simpsons imesimuliwa kama historia ya wanaume wawili: Bart, mtoto mtukutu wa miaka 10, na Homer, baba mnene apendaye bia na donati. Fulana ziliuzwa kwa sura ya Bart. Vitabu vya falsafa viliandikwa juu ya Homer. Mama alibaki nyuma, jikoni, akiguna kwa ile sauti yake ya mikwaruzo. Siku waliyomgusa yeye, dunia ikajua nyumba ile ilikuwa imeshikwa na nani. Na anayeijua historia hakushangaa, kwa sababu ni Marge huyohuyo aliyewahi kujibizana na mke wa Rais wa Marekani, akajibiwa kwa heshima.

Familia iliyochorwa mapokezini

Anayetaka kuijua historia hii ana vitabu viwili vizuri vya kuanzia. Kimoja ni cha mwandishi wa habari John Ortved, kilichotoka mwaka 2009. Kimejengwa juu ya mahojiano na watu waliofanya kazi katika kipindi hiki, ingawa wakubwa wake walikataa kushiriki. Kingine ni cha Mike Reiss, mmoja wa waandishi wa mwanzo, kilichotoka mwaka 2018. Reiss anasimulia mambo ya ndani ya chumba cha waandishi kwa sababu alikuwamo. Ortved anafanya kazi nyingine yenye thamani: anawarudishia heshima waliosahauliwa.

Mwanzo wenyewe unajulikana. Matt Groening, mzaliwa wa Portland katika jimbo la Oregon, alikuwa mchoraji wa vibonzo vya magazetini. Mtayarishaji James L. Brooks alimwita ofisini kwake kuzungumzia katuni fupi za kujaza nafasi ndani ya kipindi cha vichekesho cha The Tracey Ullman Show. Akiwa mapokezini anasubiri kuitwa, Groening aliona kwamba akivitoa vibonzo vyake vya zamani atapoteza haki ya kuvimiliki, basi akachora watu wapya papo hapo. Majina aliyatoa nyumbani kwao. Baba yake aliitwa Homer, mama yake Margaret, dada zake Lisa na Maggie. Ukoo wa mama yake kabla ya kuolewa ulikuwa Wiggum, jina ambalo baadaye alipewa mkuu wa polisi wa Springfield, mji wa katuni hiyo. Mtaa wa Evergreen Terrace, wanakoishi akina Simpson, ni mtaa alikokulia Groening mwenyewe.

Aprili 19, 1987, televisheni ya Fox ilirusha mchezo wao wa kwanza, usiozidi dakika mbili. Ni usiku, na wazazi wanawalaza watoto. Homer na Marge wanasema maneno ya kawaida ambayo wazazi husema, na Marge anamwimbia Maggie mchanga wimbo wa kubembeleza. Maneno yaleyale yanawatia watoto hofu, na mwisho wote watatu wanakimbilia kitandani kwa baba na mama. Humo ndani tayari kuna kipindi kizima: wazazi wenye nia njema wanaokosea, na familia inayoishia kujibana kwenye kitanda kimoja. Katuni fupi za namna hiyo zilitengenezwa 48.

Desemba 17, 1989, familia ilipata nusu saa yake yenyewe. Katika sehemu ile ya Krismasi, Homer ananyimwa bonasi kazini na Marge anatumia akiba yote kumfutia Bart chale aliyojichora mkononi. Baba anafanya kibarua cha kuvaa nguo za Santa Claus dukani, anapoteza senti za mwisho kwenye mbio za mbwa, kisha anarudi nyumbani na mbwa aliyeshika mkia. Mbwa huyo yumo nyumbani mpaka leo.

Mtu ambaye Ortved anamtetea kuliko wote ni Sam Simon. Yeye alikuwa mwandishi mzoefu aliyepitia vichekesho vya Taxi na Cheers. Aliwakusanya waandishi wa mwanzo, akasisitiza waigizaji wa sauti wakae chumba kimoja na kusemezana kama katika mchezo wa redio, na akaipanua familia ikawa mji. Bwana Burns, bosi bahili wa kinu cha nyuklia, Daktari Hibbert na mkuu wa polisi Wiggum ni miongoni mwa watu waliotoka mkononi mwake. Simon na Groening hawakupatana. Simon aliondoka mwaka 1993, akabaki na cheo na mgawo wa mapato. Fedha hizo alizielekeza katika kuokoa wanyama, hasa mbwa, na alipogundulika ana saratani alitangaza kuutoa utajiri wake kwa kazi hiyo. Alifariki Machi 8, 2015. Kwa watazamaji wengi jina lake ni maandishi yanayopita mbio kwenye kioo, na hiyo ni dhuluma.

Baba mjinga, mama mvumilivu

Wahusika hawa hawakuota kutoka hewani. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, Wamarekani wengi walihamia vitongoji vipya nje ya miji, vyenye nyumba zinazofanana, bustani mbele na gereji ubavuni. Televisheni ikawafuata huko. Kichekesho cha Father Knows Best cha miaka ya 1950 kilionyesha baba mwenye hekima na watoto wenye adabu, na mji wao uliitwa Springfield. The Honeymooners kikaleta sura ya pili: mume mwenye domo kubwa na mipango ya kitoto, na mke mwenye akili anayemrudisha chini. Mwaka 1960 katuni ya The Flintstones ilimchukua mume huyohuyo ikampeleka enzi za mawe, na ikadumu hadi 1966 kwa sehemu 166. Kwa hiyo, The Simpsons ilipokuja, kila kiti sebuleni kilikuwa na mwenyewe: baba mropokaji, mama mvumilivu, mtoto wa kiume mtundu, binti mwenye akili, jirani mwema anayekera, bosi katili.

Kilichobadilika ni uzito uliowekwa ndani ya viti hivyo. Lisa, binti wa miaka 8 anayepuliza saksofoni, katika sehemu ya Februari 1990 anaamka na huzuni isiyo na sababu. Marge anamfundisha alichofundishwa na mama yake: tabasamu, ficha, watu watakupenda. Kisha anaona jinsi wenzake Lisa shuleni wanavyolitumia tabasamu lile kumtawala. Anageuza gari, anamchukua mtoto na kumwambia ahuzunike kadiri anavyohitaji, na yeye atakuwa pamoja naye. Ni wazazi wangapi wa televisheni, tena wa watu halisi, waliowahi kusema hivyo?

Mwezi mmoja baadaye, Machi 1990, Marge mwenyewe aliwekwa kwenye mizani. Homer anampa zawadi ya siku ya kuzaliwa: mpira wa bolingi uliochongwa jina la Homer. Kwa hasira anakwenda kuucheza, anakutana na mwalimu Mfaransa mwenye maneno matamu, na siku inafika ya kuchagua njia ya kupinda kwa gari. Anapinda kuelekea kinu cha nyuklia, kwa mume wake. Sehemu hiyo ilipata tuzo ya Emmy. Waandishi wangeweza kumfanya Marge mwanamke asiyejua kutamani. Wao wakampa hamu, wakampa na nafasi, kisha wakamwachia achague. Kubaki kwake kuna thamani kwa sababu angeweza kuondoka.

Sauti yake ni ya Julie Kavner, aliyekuwa tayari mwigizaji wa tuzo kabla ya katuni hii. Kavner anatoa pia sauti za dada wawili wa Marge, Patty na Selma, ambao hawamtaki Homer hata kidogo. Mwigizaji mmoja anamtetea mume yule na kumlaani kwa wakati mmoja, na mara chache sana amekubali kuhojiwa. Huenda ndiyo sababu sifa zimekwenda kwa wengine.

Barua kutoka Evergreen Terrace

Mwaka 1990 Marekani iliingiwa na wazimu wa Bart. Fulana zake zilijaa madukani. Moja ilimwonyesha akijivunia kufanya vibaya darasani, na baadhi ya shule zikazipiga marufuku. Mei mwaka huo William Bennett, aliyekuwa akiongoza vita vya serikali dhidi ya dawa za kulevya, alitembelea kituo cha tiba Pittsburgh, akaona picha ya Bart ukutani na kuwaambia wagonjwa kwamba kipindi hicho hakitawasaidia. Wengi wa waliolalamika walikuwa wameisoma fulana, kipindi hawakukitazama.

Kisha likaja kubwa. Barbara Bush, mke wa Rais George H. W. Bush, aliliambia jarida la People kwamba The Simpsons ni kitu cha kijinga kuliko vyote alivyowahi kuona. Kwa mwanamke aliyependwa na taifa, bibi mwenye mvi na mkufu wa lulu ambaye kazi yake kubwa ilikuwa kuhimiza watu kusoma, maneno hayo yalikuwa mazito. Watengenezaji wa katuni wangeweza kunyamaza. Wangeweza kumtuma Bart amtukane. Walichofanya kilikuwa cha busara zaidi: wakamwachia Marge ajibu.

Mwishoni mwa Septemba 1990 barua ilipelekwa Ikulu kwa jina la Marge Simpson. Ilikuwa ya upole kuanzia mwanzo hadi mwisho. Mama yule alisema ameumia. Alikiri kwamba familia yake ina kasoro nyingi. Alieleza kwamba huwafundisha Bart, Lisa na hata Maggie mchanga wasimseme mtu vibaya kabla ya kumjua, hata kama mtu huyo ni tajiri, na sasa funzo hilo limekuwa gumu kwa kuwa mke wa Rais ndiye aliyewaita wajinga. Mwisho akagusa penyewe: alidhani siku zote kwamba yeye na mama yule wana jambo moja kubwa kwa pamoja, maana wote wawili wamejitoa maisha yao kumtumikia mwanamume wa kipekee.

Tazama kazi iliyomo ndani ya hoja hiyo. Homer anapandishwa hadi kwa Rais wa Marekani, na Rais anateremshwa hadi sebuleni kwa akina Simpson, bila neno hata moja la matusi. Yeyote aliyelelewa na mama anayejua kusema na mkubwa bila kumvunjia heshima anaifahamu sanaa hiyo.

Barbara Bush alijibu mwezi uliofuata. Alishukuru kuandikiwa, akasema amefurahi kwamba Marge ametoa ya moyoni. Alieleza kwamba anapoandika ana mbele yake kikombe cha plastiki chenye picha ya familia hiyo ikiwa imepiga kambi, na ndege wa waridi wakichungulia kutoka kwenye nywele za bluu za mama. Aliwasifu kwa kutoa mfano mwema kwa nchi, akaongeza mwishoni kwamba Homer anaonekana mwanamume mtanashati. Mke wa Rais alikuwa amekosea mbele ya taifa zima, akarekebisha kwa mkono wake mwenyewe, na aliyemwelekea alikuwa mchoro. Siku hizi viongozi wanakosea kila uchao. Ni wangapi wanaokumbuka kurudi nyuma namna hiyo?

Desemba 20 mwaka huohuo ilirushwa sehemu inayostahili kusomwa pamoja na barua zile. Maggie anamgonga Homer kwa nyundo baada ya kuona katuni ya paka na panya wanaochinjana, na Marge anaanzisha kampeni ya kuisafisha televisheni. Anashinda: katuni inapoa, watoto wanatoka nje kucheza. Kisha wanaharakati wenzake wanataka aongoze maandamano dhidi ya sanamu ya Daudi ya Michelangelo kwa kuwa haina nguo. Marge anagoma, na anatambua kwamba hawezi kuzuia sanaa moja na kuilinda nyingine. Wale waliosema katuni hii haijali malezi walikuwa wakirushiwa hoja yao wenyewe, ikiwa imefikiriwa vizuri kuliko walivyoifikiria wao.

Rais naye aingia ulingoni

Amani ilidumu kwa muda. Januari 27, 1992, Rais Bush mwenyewe, akiwa katika mwaka wa uchaguzi, alihutubia mkutano wa watangazaji wa vipindi vya dini. Alisema serikali yake itaendelea kuziimarisha familia za Marekani zifanane zaidi na The Waltons na zipunguze kufanana na The Simpsons. The Waltons kilikuwa kipindi kilichorushwa kuanzia 1972 hadi 1981, kuhusu familia maskini na adilifu milimani Virginia, enzi za mdororo mkuu wa uchumi. Kila aliyekitazama anakumbuka kilivyokwisha: taa zinazimwa dirisha kwa dirisha, na wanafamilia wanatakiana usiku mwema.

Jibu lilitoka siku tatu baadaye. Sehemu moja ya katuni hii huchukua miezi mingi kukamilika, kwa hiyo wachoraji walitengeneza kipande cha sekunde chache na kukibandika mbele ya sehemu ya marudio ya Alhamisi hiyo. Familia imeketi kwenye kochi ikimwangalia Rais akisema maneno yale. Bart anajibu kwamba wao ni kama akina Walton, kwani nao wanaomba mdororo wa uchumi uishe. Nchi ilikuwa bado inauguza majeraha ya kushuka kwa uchumi, na kila mpiga kura alielewa. Novemba Bush alishindwa na Bill Clinton. Katuni haikumwangusha, uchumi ulichangia zaidi. Lakini sentensi ile moja iliueleza uchaguzi ule kuliko hotuba nyingi.

Rais alikosea jambo ambalo mkewe alikuwa ameshaliona. Akina Walton walimaliza kila hadithi kwa kutakiana usiku mwema, na akina Simpson walianza maisha yao, mwaka 1987, kwa wazazi kuwalaza watoto wao. Akina Simpson hupiga goti na kusali. Huenda kanisani kila Jumapili, jambo ambalo familia nyingi za televisheni ya wakati ule hazikuonyeshwa zikilifanya. Mwandishi wa habari za dini Mark Pinsky aliona mambo ya kutosha humo kuyaandikia kitabu kizima mwaka 2001. Baba huwa hampigi mama. Mama haondoki. Watoto hugombana, wakaungana inapobidi. Wenye maadili walichagua kugombana na familia iliyokuwa upande wao, kwa sababu waliitazama kupitia kwa mtoto mtundu wakamsahau aliyekuwa akimwita mezani.

Hesabu ilifungwa Januari 1996. Waandishi walimhamisha Bush mstaafu na mkewe katika nyumba iliyo mkabala na akina Simpson. Bart anaharibu kitabu cha kumbukumbu za Rais, Rais anamchapa, Homer anaanzisha vita vya majirani. Katikati ya fujo zote wanawake wawili wanaelewana vizuri sana. Barbara na Marge wa katuni waliendeleza urafiki ulioanzia kwenye barua. Barbara Bush alifariki Aprili 2018, na mumewe akamfuata Novemba mwaka huohuo.

Mji usiozeeka

Siri ya uhai wa hadithi hii ni kanuni moja: kila sehemu ikiisha, mambo hurudi yalipokuwa. Bart ana miaka 10 daima, Lisa 8, na Maggie ana chuchu bandia mdomoni. Mtoto aliyekuwa rika la Bart mwaka 1989 leo amempita Homer kwa umri. Mwaka 1991 tulionyeshwa Homer na Marge wakimaliza shule mwaka 1974. Mwaka 2008 ujana wao ukahamishiwa miaka ya 1990, na mashabiki wengi walikasirika. Mwaka 1997 mwalimu mkuu Skinner alifichuliwa kuwa anatumia jina la mtu mwingine, na mwisho hakimu akaamuru jambo hilo lisitajwe tena.

Machache yaliyoruhusiwa kubaki yana sababu. Oktoba 1995 Lisa aliacha nyama. Mwanamuziki Paul McCartney alikubali kushiriki kwa sharti kwamba Lisa asiirudie nyama kamwe, na hajairudia. Mwaka 2000 alikufa Maude, mke wa jirani Ned Flanders. Mwalimu Edna Krabappel alistaafishwa baada ya aliyempa sauti, Marcia Wallace, kufariki Oktoba 2013.

Homer ndiye anayeonyesha gharama ya kurudi palepale. Katika sehemu ya Januari 1995 anaacha kazi ya kinuni anayoichukia na kwenda kufanya aipendayo kwenye ukumbi wa bolingi. Marge anapata mimba ya Maggie, mshahara hautoshi, na anarudi kumpigia Burns magoti. Bosi anamtundikia bango la kumkumbusha kwamba atakuwa pale milele. Homer analifunika kwa picha za Maggie mpaka maneno yaliyobaki yanasema anamfanyia mtoto wake kazi. Kila mzazi aliyemeza matusi ya bosi kwa ajili ya ada ya shule anaijua picha hiyo.

Walipofika kwetu, na walipofika Ghuba

Aprili 1, 2001, akina Simpson walishinda safari ya kuja Tanzania. Mwongoza watalii wao aliitwa Kitenge. Walikimbizwa na wanyama, kisha wakapata hifadhi kwa mtafiti wa sokwe, mwanamke mzungu aliyechorwa kwa kumfuata Jane Goodall wa Gombe, ambaye katika hadithi anawatumikisha sokwe kuchimba almasi. Haikuwa kazi yao nzuri. Waandishi walioujenga mji wa Springfield mtu kwa mtu, kila mmoja na jina na tabia, walipofika kwetu waliona mbuga na wanyama. Hakuna mama Mtanzania aliyekaa na Marge kuzungumza habari za watoto. Hilo linauma kwa sababu wangeliweza. Goodall mwenyewe hakuweka kinyongo. Mwaka 2019 alishiriki kwa sauti yake katika sehemu nyingine.

Mwaka 2005, wakati wa Ramadhani, MBC ya Dubai ilileta familia hiyo kwa Kiarabu kwa watazamaji wa Oman na Ghuba nzima. Homer akawa Omar, Marge akawa Mona, Bart akawa Badr, na mchekeshaji maarufu wa Misri Mohamed Heneidi akampa baba sauti. Bia ikawa soda na baa ikaondolewa. Sehemu 52 zilipangwa, zikarushwa 34 tu. Kosa halikuwa kuheshimu dini ya watazamaji, jambo ambalo ni haki yao. Shida ni kwamba hadithi hii inasimama juu ya kasoro za mume; ukimwondolea kasoro, umemnyang'anya mke kazi yake, na hadithi inabaki bila mhimili.

Miaka iliyofuata ina machache ya kusimulia. Filamu ilitoka Julai 2007. Aprili 2018 kipindi kilivunja rekodi ya Gunsmoke ya kuwa na sehemu nyingi kuliko mchezo wowote wa kuandikwa katika saa za jioni za televisheni ya Marekani. Disney iliinunua studio ya kipindi hiki mwaka 2019. Mjadala juu ya Apu, muuza duka Mhindi aliyepewa sauti na Mmarekani mweupe, ulisababisha Hank Azaria aiache nafasi hiyo mwaka 2020, na ilikuwa sahihi. Sauti ya Julie Kavner imezeeka na wasikilizaji wanaisikia.

Aprili 2025 Fox iliongeza misimu minne, kufikia wa 40, na filamu ya pili imetangazwa kwa mwaka 2027. Wakati bado upo wa kulipa madeni mawili. La kwanza ni la Sam Simon, ambaye jina lake linastahili kusemwa kila linaposemwa la Groening. La pili ni la Marge. Kwa miaka mingi sasa hadithi zinazomhusu zimekuwa chache na nyepesi. Anapewa wazimu wa wiki moja kisha anarudishwa jikoni. Mama aliyemjibu mke wa Rais kwa adabu akaeleweka, aliyepigania televisheni safi akajua pa kuishia, aliyemfundisha bintiye kwamba huzuni si aibu, ana mengi bado ya kusema. Waandishi wamempa mazishi ambayo hakuna aliyeyataka. Sasa wampe hadithi inayomfaa angali hai, na Kavner bado yupo kuisema.